Kopo Chini ya Dishi

Jumapili ya kwanza ya Desemba, Misa haikuja.

Bibi Paskalina alikuwa amekwisha kuketi mbele ya televisheni, kitambaa cheupe kichwani na rozari mkononi, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya kigoda kwa sababu nyonga yake haikukunjika vizuri tangu alipoteleza kisimani. Mwanawe Basili alibonyeza kitufe. Televisheni, ile ya kichogo waliyoinunua miaka kumi na miwili iliyopita, ikaguna kama kawaida yake, ikapata joto, kisha ikaonyesha giza. Katikati ya giza hilo palikuwa na kisanduku cha buluu chenye maneno mawili ya Kiingereza.

"Imeandika nini?" Bibi akauliza.

"Inasema hakuna kitu."

"Hakuna kitu wapi?"

Basili akabonyeza tena. Alihamia chaneli ya pili, ya tano, ya kumi na moja. Zote zilikuwa na giza lilelile na kisanduku kilekile. Mkewe Oliva alikuwa amekwenda kanisani kwa miguu tangu asubuhi, na nyumba nzima ilikuwa ya watu wawili hawa na kuku.

"Irene ni Jumamosi," Bibi akasema, si kwa kulalamika bali kama mtu anayekumbusha tarehe.

Zilikuwa zimebaki siku sita. Jumamosi, saa nne asubuhi, chaneli ya kanisa ingeonyesha moja kwa moja masista saba wakiweka nadhiri za daima katika nyumba mama ya shirika lao, mkoa wa mbali, na mmoja wao alikuwa Irene, mjukuu ambaye Bibi Paskalina alimlea tangu akiwa wa miezi minne, wiki aliyozikwa mama yake. Ukoo ulikuwa umepewa nafasi mbili kwenye gari la paroko. Moja aliichukua Benedikta, dada mkubwa wa Basili, nyingine katekista. Bibi hakuweza kukaa garini hata kufika Mbulu mjini, sembuse safari ya siku nzima. Walimwambia: wewe utamwona kwenye televisheni, tena kwa karibu kuliko wao watakaokaa nyuma ya nguzo za kanisa. Aliamini, na tangu Oktoba alikuwa akihesabu Jumapili.

Basili akatoka nje na spana ya baiskeli.

Dishi lilisimama pembeni mwa jiko, juu ya nguzo ya chuma iliyofika kifuani mwa mtu. Tangu fundi alipolifunga halikuwahi kuguswa. Kutu ilikuwa imeunganisha nati na nguzo. Basili alipambana nayo mpaka ikalegea. Akalizungusha dishi kushoto kiganja kimoja, akaingia ndani kutazama, giza. Akatoka, akalizungusha kulia, akaingia, giza. Alifanya hivyo mara sita au saba, na kila alipopita mlangoni Bibi alimfuata kwa macho kama mtu anayetazama mchezo asiojua sheria zake. Mwishoni alilirudisha pale alipodhani ndipo lilipokuwa, akakaza nati. Kwa kuwa kisanduku cha buluu kilikuwa kilekile kabla na baada, aliona kwamba hajaharibu kitu.

"Ulikuwa unafanya nini huko nje?"

"Naangalia waya tu, mama."

*

Aliyeleta habari kamili alikuwa jirani yao Sylvester, mwalimu mstaafu, mtu wa kupenda kujua mambo kabla ya wengine na kuyaeleza polepole baada ya wengine kuuliza. Alifika Jumatatu jioni, akamwamkia Bibi, akapewa kikombe cha chai ya maziwa.

"Hazijaharibika," alisema. "Zimezimwa. Zile picha za zamani, za ubora wa kawaida, wamezifunga zote usiku wa Jumamosi. Sasa wanarusha za HD peke yake. Ving'amuzi vyetu hivi vya zamani haviwezi kuzisoma."

"Wakazima bila kusema?" Oliva akauliza.

"Wamesema tangu Septemba, mama. Maandishi yalikuwa yanapita chini ya picha mchana kutwa."

Oliva akaiangalia televisheni iliyozimwa. Ni kweli kulikuwa na kitu kilichokuwa kikipita pale chini. Lakini televisheni yao ilikuwa ikikata ukingo wa picha, na katika mstari ule walikuwa wakiona ncha za juu tu za herufi, kama kofia za watu wanaopita nyuma ya ukuta mfupi. Kwa miezi mitatu kofia zile zilipita, na yeye alidhani ni matangazo ya mikopo ya simu.

Bibi Paskalina alikuwa amesogeza kiti. "Mwalimu, hizo picha mpya zinafika hapa kwetu?"

"Zinafika, Bibi. Zinashuka mpaka kwenye dishi lako pale nje, usiku na mchana."

"Hata sasa hivi?"

"Hata sasa hivi."

"Zinaanguka kwenye dishi letu na hatuzioni."

"Kwa sababu king'amuzi hakijui lugha yake. Ni kama Mbarbaig wa kule Hanang aje hapa aongee lugha yake na mtu anayejua Kiiraqw tu."

"Mimi Kibarbaig nakisikia," Bibi akasema. "Baba yangu alikuwa ananituma kwao kununua ndama."

"Basi wewe ni wa kisasa kuliko king'amuzi chako."

Wakacheka. Sylvester, alipoona amefurahiwa, akaendelea. Alieleza jinsi wanaume wa kitongoji walivyoamka Jumapili na kushambulia madishi. La Onesphory lilikuwa sasa linatazama kilabu cha pombe, yaani pale mwenye dishi anapotazama siku zote. La kwa Patriki lilikuwa limeinamishwa kama linanusa mahindi. "Mwanaume akiona giza kwenye TV hasomi maandishi. Anakwenda kupigana na dishi. Ninyi je, Basili?"

"Sisi tuna akili," Basili akasema, akainamia kikombe.

*

King'amuzi kipya kilikuwa elfu themanini na tano. Ndani ya nyumba palikuwa na elfu ishirini na moja. Oliva ndiye aliyeshuka kutoka darini na gunia la vitunguu saumu vya mbegu, vile alivyovichagua mwenyewe kimoja kimoja, vyenye vidole vinene, akaviweka sebuleni. Basili alijua maana yake: msimu ujao wangepanda nusu ya shamba, au wangenunua mbegu kwa bei ya mwenye mbegu.

"Mama asijue," Oliva akasema.

Jumanne ilinyesha mvua kubwa, njia zikawa utelezi. Jumatano aliviuza mnadani, na Alhamisi Basili akateremka Mbulu mjini, kwenye duka la fundi Nicodemo, kijana yuleyule aliyewafungia dishi akiwa bado mwanagenzi. Duka lilijaa. Watu walisimama na ving'amuzi vyao vya zamani vikiwa vimefungwa kwenye kanga na mifuko ya sukari, kama wagonjwa walioletwa kliniki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka cha HD."

"TV yako ina tundu la HDMI?"

Basili hakujua. Alihisi mstari mzima nyuma yake ukisikiliza.

"Ni flati au ina kichogo?"

"Ina kichogo."

Mwanamke mmoja akacheka, si kwa ubaya. Nicodemo akatoa waya wa rangi tatu. "Hakuna shida, utatumia huu. Ila utaiona HD kupitia dirisha dogo, mzee. Picha haitajaza kioo. Kukufungia ni elfu thelathini pamoja na nauli."

"Ni lazima ufunge?"

"Kama dishi liko vilevile nilivyoliacha, hunihitaji. Chomeka tu, litakamata. Lakini kama mmelizungusha, hapo huwezi mwenyewe. Wiki hii nimekwisha kwenda kwa watu kumi na wanne, wote wamezungusha, na wote wameniambia hawakugusa." Akainua macho. "Ninyi mmeligusa?"

Yule mwanamke alikuwa bado anatabasamu. Mfukoni mwa Basili, baada ya kulipa king'amuzi, zingebaki shilingi za nauli ya kurudi na kilo moja ya sukari.

"Halijaguswa," akasema.

*

Jioni hiyo king'amuzi kipya kiliwaka taa ya kijani, kikatafuta, kikatafuta tena. Kwenye kioo ikaonekana mistari miwili ya kupimia. Ule wa juu, wa nguvu, ulifika sitini na nane. Ule wa chini, wa ubora, ulisimama kwenye sifuri.

"Sitini na nane ni nzuri," Bibi akasema. "Irene hakuwahi kupata sitini na nane ya hesabu."

"Ya chini ndiyo inayotakiwa, mama."

"Ya juu inapima nini, na ya chini inapima nini?"

Basili akasema hajui. Lakini alikuwa ameanza kujua. Alikaa mbele ya sifuri ile mpaka chakula kikapoa.

Ijumaa asubuhi alimpigia Nicodemo, na kwa kuwa simu yake ilisikika kwa spika ya nje tu, sauti ya fundi ilisikika chumba kizima. Fundi alikuwa ameshuka Nangwa, upande wa Hanang, kwenye kazi ya shule, angerudi Jumatatu.

"Mzee, nieleze ukweli. Hakuna mtu aliyelizungusha?"

Oliva alisimama mlangoni na beseni. Bibi alikuwa akichambua maharage.

"Hakuna."

"Basi king'amuzi ni kibovu. Jumatatu ukirudishe, nitakupa kingine."

Jumatatu. Oliva aliweka beseni chini. Akaanza kuhesabu kwa sauti mahali pengine penye picha. Nyumba ya paroko imefungwa, mwenyewe yuko safarini na funguo. Sylvester hajanunua, anasema anasubiri bei ishuke. Ukumbi wa baa kule mjini wanayo, lakini nani atamfikisha Bibi mjini?

"Tunaweza kumbeba kwenye machela mpaka barabarani," Basili akasema.

"Sitabebwa nikiwa hai," Bibi akajibu. "Watu watatoka majumbani wakidhani ni msiba." Akaendelea kuchambua. "Nitakaa hapahapa nisali saa nne ikifika. Mungu hatumii king'amuzi."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomtoa Basili nyumbani. Alikwenda shambani akapalilia mahali palipopaliliwa juzi.

*

Jioni, kabla giza halijaingia, walikaa jikoni watatu wakinywa uji. Vifaranga vilikuwa vikilia chini ya tenga.

"Basili," Bibi akaanza, "kuna jambo linanisumbua tangu Jumanne. Labda wewe utalijua."

"Jambo gani, mama?"

"Lile kopo langu la kunyweshea vifaranga. Nimeliweka chini ya dishi miaka yote, juu ya lile jiwe bapa. Mvua ikinyesha, maji ya dishi yanakusanyika ukingo wa chini, yanadondoka mahali pamoja tu. Hata mvua ya kupita inalijaza. Jumanne imenyesha mvua ya kujaza pipa, na kopo lilikuwa kavu."

Oliva aliacha kupuliza uji.

"Nikawaza, labda dishi limetoboka. Nikawaza, labda Oliva amelisogeza kopo akifagia. Leo nikachukua fimbo nikaenda mwenyewe kutazama. Dishi ni zima. Jiwe liko palepale, na duara la kutu la kopo bado lipo. Ila pembeni, kama vidole vinne hivi, ardhi ina kishimo kipya, cha mvua moja." Akamtazama mwanawe. Usoni mwake hapakuwa na mtego wowote. Alitaka kujua tu. "Maji yanaweza kuhama?"

Moto ulipasuka mara moja.

"Maji hayajahama, mama," Basili akasema. "Ni dishi. Nililizungusha."

"Lini?"

"Jumapili. Ulipokuwa ndani."

"Uliniambia unaangalia waya."

"Ndiyo."

"Na Sylvester ulimwambia tuna akili," Oliva akasema. "Na fundi?"

"Na fundi. Mara mbili."

Oliva alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nimeuza mbegu yangu ili king'amuzi kizima kiitwe kibovu."

"Nilidhani nimelirudisha palepale."

"Ulidhani. Na leo asubuhi pia ulidhani?"

Basili akasukuma kuni motoni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, mjumbe wa kamati ya maji, na mikono yake haikujua pa kukaa.

Bibi Paskalina naye alikuwa amesahau uji wake. Lakini hakuwa akiwaza uongo. "Mbegu gani umeuza, Oliva?" aliuliza, akasubiri, akatikisa kichwa alipoelewa. Kisha akasema, "Basi si mnaona? Mahali pake tunapajua. Pako kwenye jiwe."

*

Jumamosi kulikuwa na ukungu mzito, na kijiji kizima cha Daudi kilikuwa kama kimefunikwa blanketi lenye unyevu. Saa mbili na nusu walimtoa Bibi nje na kiti chake, wakamweka karibu na jiwe, shuka mbili mabegani. Oliva akakaa ndani mbele ya mistari miwili. Basili akalegeza nati, akachukua jagi la maji, akamimina taratibu sehemu ya juu ya dishi.

Maji yaliteleza, yakakusanyika ukingoni, yakadondoka. Tone lilianguka kwenye kishimo kipya.

"Njoo kwangu," Bibi akasema, fimbo ikielekeza. "Njoo. Njoo tena."

Alisukuma, akamimina. Tone likagonga ukingo wa kopo, likaruka.

"Bado kidogo. Kama unamsogeza mtoto aliyelala."

Mtu akakohoa nyuma ya ua. Sylvester alikuwa amesimama na jembe begani, macho yakitoka kwenye jagi, yakaenda kwenye kopo, yakarudi kwa Basili. Ilikuwa wazi kwamba swali lilikuwa njiani.

"Nililizungusha," Basili akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Jumapili, kama wenzangu. Njoo unishikie nguzo."

Sylvester aliweka jembe chini. Alipofika karibu, akasema kwa sauti ndogo zaidi, "La kwangu pia."

"Mwalimu!"

"Unadhani nasubiri bei ishuke? Nasubiri mtu wa kuniambia lilikuwa linatazama wapi."

Bibi alicheka mpaka akashika nyonga. Basili akamimina tena, na safari hii tone likaanguka katikati ya kopo, likatoa mlio mwembamba wa bati.

"Oliva! Inasema nini?"

"Sifuri!"

Wakatazamana.

"Sasa pumua tu juu yake," Bibi akasema. "Kopo ni pana, na tone ni dogo."

Sylvester akashika nguzo. Basili akalisukuma dishi kwa kidole gumba, unene wa ukucha, akasubiri. Unene wa ukucha, akasubiri. King'amuzi kilichelewa kujibu, na hilo Nicodemo hakuwaambia, kwa hiyo mara mbili walipita mahali penyewe bila kujua. Saa tatu ikaisha. Saa nne ikafika, ikapita. Benedikta alipiga simu kusema maandamano yameanza na yeye amekaa nyuma ya nguzo.

"Kumi na tisa!" Oliva akapiga kelele kutoka ndani. "Basili, umepita! Rudi! Thelathini na moja! Usiguse! Hamsini na... acha, acha hapohapo!"

Basili alikaza nati. Kutoka ndani ilitoka sauti ya kwaya.

*

Picha ilikuwa ndogo, kama fundi alivyosema. Ilikaa katikati ya kioo, na juu na chini yake kulikuwa na utepe mweusi. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Walikuwa wamekosa maandamano, wamekosa kuitwa majina. Kilichoonekana ni masista saba waliolala kifudifudi juu ya zulia jekundu, wamevaa sawasawa, vilemba sawasawa, nyayo za viatu vyeusi zikitazama kamera, na litania ya watakatifu ikiimbwa juu yao.

"Yupi?" Sylvester akauliza.

Hakuna aliyejua. Oliva alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Hapo ndipo alipoona kwamba ukingo wa chini wa picha, uliokuwa ukifichwa miaka yote, sasa ulikuwa wazi, na herufi zilikuwa zikipita pale zikiwa nzima, na miguu yake.

"Inasema nini?" Bibi akauliza.

Oliva akasoma: "Ndugu mtazamaji, matangazo ya ubora wa kawaida yamefungwa rasmi. Usibadilishe mwelekeo wa dishi lako. Badilisha king'amuzi."

"Isome tena hapo katikati," Sylvester akasema.

"Hapana," Basili akasema. "Inatosha."

Simu yake ikalia. Alikuwa Nicodemo, kutoka Nangwa. Akauliza kama king'amuzi bado kinasumbua, maana angetuma kingine na basi la mchana.

"Usitume. Ni kizima. Dishi lilikuwa limezungushwa."

"Na nani, mzee?"

"Na mimi. Nilikudanganya dukani, na jana tena."

"Sasa mmelirudishaje bila mashine?"

"Kwa kopo la vifaranga."

"Kopo?"

"Nyamaza, Basili," Bibi akasema. "Wanainuka."

Litania ilikuwa imekwisha. Masista saba walianza kuinuka, na kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kuinuka kutoka kifudifudi kwa urembo, kila mmoja aliinuka kwa namna yake: huyu kwa magoti yote mawili, huyu akijisukuma kwa viganja, huyu akikanyaga pindo la vazi lake. Nyuso zilikuwa bado zimeinama.

"Yule," Bibi Paskalina akasema. Fimbo yake iligusa kioo. "Wa tatu kutoka kushoto."

"Bibi, wote wanafanana."

"Shingo, mwalimu. Tazama shingo. Wenzake wote wameinua kichwa baadaye. Yeye ameinuka na shingo imenyooka tangu chini, kama aliyebeba ndoo. Nilimfundisha kwa mwaka mzima pale kisimani, na maji alimwaga sana."

Wakasubiri. Kamera ilikwenda kwa askofu, ikaenda kwenye maua, ikakaa kwenye maua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha ikarudi kwenye mstari na kuanza kupita polepole, uso kwa uso, kutoka kushoto. Wa kwanza hawakumjua. Wa pili hawakumjua.

Bibi Paskalina aliinama mbele kadiri nyonga ilivyomruhusu, akautazama uso wa tatu kwa makini.

"Amekonda," akasema.